Sindano Mlangoni mwa Chuo cha Wachoraji: Kazi za Mary Linwood na Maneno ya Kudarizi

Katika Kiswahili yako maneno mawili yanayotajwa pamoja kila inapozungumzwa kazi ya kupamba nguo kwa sindano na uzi, nayo ni kudarizi na kutarizi. Wasemaji wengi wa leo huyatumia bila kuyatenga, na mwenye kutafuta maana ya moja aghalabu hupelekwa kwenye jingine, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Asili zao, hata hivyo, ni mbalimbali. Darizi lina nasaba na neno la Kiajemi darz, yaani mshono, ambalo ndilo lililozaa darzi, mshonaji, jina analoitwa fundi wa nguo mpaka leo katika sehemu nyingi za Bara Hindi. Tarizi limetoka katika Kiarabu, kwenye shina lile lile la tirazi, ule utepe wenye maandishi uliotiwa katika mavazi ya heshima kwenye karakana za makhalifa wa Baghdadi na wa Misri. Na inaaminiwa kuwa Waarabu nao waliliazima kwa Waajemi. Kwa asili, basi, neno la kwanza hutazama tendo la kupitisha sindano katika kitambaa, na la pili hutazama pambo linaloonekana juu ya kitambaa hicho baada ya sindano kuondoka.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, na kwa mambo ya kila siku ni ndogo kweli. Haimzuii mtu kuagiza kofia. Lakini mwandishi wa Kiswahili anapotaka kueleza kazi ambayo pambo lake lilisifiwa ulimwenguni na sindano yake ikadharauliwa, hapana budi achague, na kila neno atakalolichagua litakuwa limekwisha kutoa hukumu. Kazi za namna hiyo ni zile za Mary Linwood, mwanamke wa Kiingereza aliyeishi kuanzia mwaka 1755 hadi 1845, aliyeshona kwa mkono picha kubwa zilizofanana na michoro ya rangi, akazionyesha London kwa zaidi ya nusu karne, watu wakalipa kiingilio kwenda kuzitazama.

Alizaliwa Birmingham. Mwaka 1764, baba yake alipokuwa amefilisika, jamaa yake ilihamia Leicester, mji wa sufu na soksi, na huko mama yake akafungua shule ya bweni ya wasichana. Bibi Linwood aliirithi shule hiyo akaiongoza kwa miaka ipatayo hamsini, na hakuolewa. Jambo hili la shule lafaa kukumbukwa, kwa sababu wengi walioandika habari zake wamelipita haraka ili wafike kwenye majumba na wafalme. Katika Uingereza ya karne ya 18 sindano ilikuwa sehemu ya malezi ya kila binti. Wa maskini alifundishwa kushona mashati apate kula, na wa tajiri alifundishwa kudarizi apate sifa. Mwalimu wa shule ya wasichana alikuwa mtu wa sindano kwa kazi yake ya kila siku. Bibi Linwood hakuichukua sindano kama mchoraji aliyechoka na brashi. Aliikuta nyumbani, na inasemwa kuwa picha yake ya kwanza aliishona akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Mwaka 1768, alipokuwa na umri huo huo wa miaka kumi na mitatu, ndipo ilipoundwa huko London Royal Academy, yaani Chuo cha Kifalme cha wachoraji na wachongaji, chini ya uongozi wa Joshua Reynolds. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, wote wachoraji wa rangi. Haupiti muda mrefu baada ya kuundwa, Chuo kikakata shauri kwamba katika maonyesho yake ya kila mwaka hazitapokewa kazi za sindano, wala maua ya bandia, wala karatasi zilizokatwakatwa, wala mapambo ya makombe ya pwani. Kazi hizo zote ziliwekwa katika fungu moja na vichezeo. Msomaji atazame vizuri sheria hii. Mwanamke hakutajwa humo, na mlangoni walikuwa wamekwisha kuingia wawili; kilichotajwa ni chombo. Lakini kila kitu kilichoorodheshwa ni kitu ambacho kwa kawaida kilitengenezwa na wanawake majumbani mwao, hata mtu akitaka kuwafungia mlango bila kuwataja majina asingepata orodha iliyo bora kuliko hiyo.

Bibi Linwood alipitia mlango mwingine. Chama cha zamani zaidi, Society of Artists, kilikubali kazi zake katika maonyesho ya mwaka 1776 na ya 1778. Mwaka 1786 alipata nishani ya chama cha kuendeleza sanaa na viwanda, na mwaka uliofuata, 1787, akafanya maonyesho yake mwenyewe katika jumba la Pantheon, Oxford Street. Malkia Charlotte, mkewe Mfalme George wa Tatu, alitaka kuziona kazi hizo, na hilo likatosha kumfungulia njia. Mwaka 1798 alikodi kumbi za Hanover Square. Baadaye alizipeleka picha hizo Edinburgh na Dublin na miji mingine, na katika muongo wa kwanza wa karne ya 19 akazipatia makao ya kudumu katika Savile House, Leicester Square, zikakaa hapo mpaka alipofariki.

Yafaa sasa kueleza kazi yenyewe jinsi ilivyofanywa, maana hapa ndipo maneno yanapoanza kudai haki yake. Kitambaa chake kilikuwa kizito na cha nyuzi nene, kikifumwa makusudi kwa ajili yake. Uzi ulikuwa wa sufu, ukitiwa rangi huko Leicester kwa namna alivyoagiza, kwa sababu mwenye kuchora kwa rangi ya mafuta aweza kuchanganya nyekundu na manjano katika kibao chake mpaka aipate rangi aitakayo, lakini mwenye kushona hachanganyi kitu. Kila daraja ya rangi, tangu kivuli cha shavu hata mwanga wa paji la uso, lazima iwe uzi wake wa pekee, uliokwisha kutiwa rangi kabla sindano haijainuliwa. Mchoro wa kwanza aliuweka mwenyewe juu ya kitambaa. Kisha alishona kwa mishono isiyo sawa, mirefu na mifupi, ikielekea huku na huku kama brashi inavyoelekea: mishono ya manyoya ya simba ilifuata manyoya, na ya mkunjo wa vazi ilifuata mkunjo. Inasimuliwa kwamba wasaidizi wake kazi yao ilikuwa kumtungia uzi katika sindano tu.

Hapa inafaa kuonya juu ya kosa moja la tafsiri. Waingereza wenyewe mara nyingi wameziita kazi za namna hii kwa jina la vitambaa vilivyofumwa kwa picha, na kosa hilo wamelifanya hata katika kazi mashuhuri kuliko zote, ile ya Bayeux huko Ufaransa, yenye urefu wa karibu meta 70, iliyotengenezwa katika karne ya 11 kueleza jinsi Wanormani walivyoiteka Uingereza mwaka 1066. Kazi hiyo haikufumwa hata kidogo. Ni kitani kilichoshonwa kwa sufu. Mfasiri anayelifuata jina la Kiingereza bila kutazama kitu chenyewe ataliita zulia, akose mara mbili: kwanza kwa kuwa si la kutandikwa, na pili kwa kuwa zulia hupata picha yake pamoja na kitambaa chake, mtandani, ambapo kitambaa cha kushonwa huwa kimekwisha kuwa kitambaa kabla picha haijaja. Kiswahili kinatenga vizuri kufuma na kushona, na hakuna haja ya kuazima mkorogo huo.

Kinachostahili kuelezwa kwa kirefu zaidi ni jinsi picha hizo zilivyoonyeshwa, kwa kuwa Bibi Linwood hakuzitundika ukutani tu. Waliofika wameacha maelezo ya ukumbi mrefu ulioning'inizwa kitambaa chekundu chenye vishada vya dhahabu, picha zikiwa upande mmoja nyuma ya kizuizi, ili mtu asizikaribie kupita kiasi. Toka hapo mtazamaji aliongozwa katika ujia wenye giza, akafika penye chumba cha gereza, na ndani yake akamwona Lady Jane Grey, malkia wa siku tisa aliyekatwa kichwa mwaka 1554, akitembelewa gerezani. Mbele yake palikuwa na kibanda cha shamba chenye dirisha, na humo watoto maskini kutoka katika mchoro wa Gainsborough. Mbele zaidi palikuwa na pango, na pangoni simba na chui milia wa namna alivyochora George Stubbs. Inasemekana kwamba ukumbi huo ulikuwa miongoni mwa kumbi za kwanza za picha kuwashwa taa za gesi, hata watu wakaweza kwenda kutazama baada ya jua kutua.

Mpango huo ulikuwa wa mtu mwenye akili ya biashara, na pia wa mtu anayeujua udhaifu na nguvu ya kazi yake. Sufu haing'ai kama mafuta. Ikitazamwa kwa karibu mchana ni sufu. Ikitazamwa kwa umbali, katika mwanga ulio nusu, kupitia dirisha la kibanda, mishono huyeyuka ikawa nyama na nguo na majani. Jumba zima lilikuwa limepangwa ili mshono usionekane.

Na ndivyo watu walivyomsifu. Karibu kila sifa iliyoandikwa juu yake hurudia jambo moja, kwamba jicho lilidanganyika likadhani linatazama mchoro wa rangi. Kati ya picha zaidi ya sitini zilizokuwamo katika jumba lake, kubwa na mashuhuri zilikuwa nakala za kazi za wengine: Raphael na Carlo Dolci wa Italia, Reynolds, Gainsborough, Stubbs, Morland, Opie na Northcote wa Uingereza. Nakala ya Salvator Mundi ya Dolci ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Inasimuliwa kwamba alipewa gini 3,000 akakataa kuiuza, naye akaiusia kwa Malkia Victoria. Husemwa pia kwamba Katerina wa Urusi alitaka kuununua mkusanyo wote kwa paundi 40,000. Kuhusu habari hii ya pili yafaa kuwa na tahadhari, kwa kuwa mwenye jumba la maonyesho hapungukiwi na hadithi za wafalme waliotaka kununua. Lakini hata kama ni hadithi tu, yaonyesha watu wa wakati ule waliona bei hiyo inasadikika.

Kwa insafu ni lazima ielezwe kwamba Chuo cha Kifalme kilikataa nakala vile vile, hata zile za rangi ya mafuta. Mtetezi wa Bibi Linwood hawezi kusema kwamba kilichomzuia ni sindano peke yake. Ila mambo haya mawili yalishikana mkono kwa namna ambayo si rahisi kuitatua. Kwa nini mwanamke mwenye uwezo wa kutenga daraja za rangi kwa jicho lake, na kuzishika kichwani kwa miezi na miaka, atumie maisha yake katika kunakili? Sababu moja ni ya soko: watu walizijua picha za Reynolds na Gainsborough, na bila kuzijua wasingeweza kustaajabu kwamba zimeshonwa. Sababu nyingine ni kwamba sindano, ikiwa imeambiwa haimo katika fungu la sanaa, ilibaki na njia moja tu ya kudai heshima, nayo ni kuonyesha kwamba yaweza kufanya lile linalofanywa na brashi. Hoja hiyo ilimpa ushindi, na ndiyo iliyomfunga. Kwa maana anayethibitisha thamani yake kwa kufanana na mwingine huwa amekubali kwamba kipimo ni yule mwingine.

Linganisho moja laweza kusaidia hapa, nalo liko karibu na wasomaji wa Kiswahili. Kofia ya viua ya mwambao, hasa ile ya Lamu na visiwa jirani, hushonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tabaka mbili. Fundi hutoboa vitundu vidogo kwa mpango aliouchora, kisha huzungusha uzi ukingoni mwa kila kitundu mpaka kiwe kiua, na nafasi zilizobaki huzijaza kwa mishono iliyobanana hata kitambaa kikasimama chenyewe kichwani. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Haina rangi, haina uso wa mtu wala mnyama, wala hainakili kitu kilichokwisha kuchorwa. Uzuri wake wote umo katika mshono wenyewe na katika kivuli kidogo kinachokaa ndani ya kila kitundu. Mwenye kuichagua huileta karibu na macho, huigeuza ndani nje, huitazama upande wa nyuma kama nyuzi zimefungwa vizuri. Ni kinyume kabisa cha kizuizi cha Leicester Square. Kofia husifiwa kwa jinsi mshono unavyoonekana, na picha za Bibi Linwood zilisifiwa kwa jinsi mshono ulivyojificha.

Hapa ndipo yale maneno mawili ya mwanzo yanapopata kazi. Ikiwa kudarizi kunatazama mwendo wa sindano, na kutarizi kunatazama pambo lililo juu ya kitambaa, basi mshona kofia hudarizi kwa maana kamili ya neno. Na wenyeji wa kazi hiyo hulitumia hivyo, wakisema kofia ya kudarizi. Je, Bibi Linwood alidarizi? Kwa mkono wake, ndiyo, na kwa subira ambayo hakuna mshona kofia angeikana. Kwa makusudi yake, alitaka mtazamaji asahau kwamba kumedariziwa. Wako watakaosema kwamba alichora kwa sindano, na usemi huo una mvuto. Lakini una hatari ile ile ya sheria ya mwaka ule, yaani humpa heshima kwa kumhamisha kutoka katika kazi yake na kumkaribisha katika kazi ya jirani.

Neno la tatu nalo lazima liitwe shahidi, nalo ni sanaa. Katika Kiarabu shina lake lahusu kutengeneza, kuunda kitu kwa ustadi wa mkono, na fungu lake la maneno linawakusanya mfua dhahabu, mfumaji na mwenye kiwanda pamoja. Kiswahili kililipokea likiwa na upana huo. Nakshi nalo halikubagua: ni la mlango, la ukuta wa chokaa, la fedha, la kitambaa. Mgawanyo wa sanaa upande huu na ufundi upande ule, ambapo mchoraji huitwa msanii na mshonaji huitwa fundi, ni wa karibuni, nao umepata nguvu kwa tafsiri za vitabu vya shule na za maonyesho, ambamo kila neno la Kiingereza lilitafutiwa mwenzake. Neno fundi lenyewe, lililo ndugu wa kufunda na kufundisha, halikuwa na unyonge wowote. Fundi ni yule aliyejua kazi kiasi cha kuweza kumpa mwingine. Haisemwi kwamba lugha isitenge mambo yanayostahili kutengwa. Ila mgawanyo huu Ulaya ulikatwa katika chumba cha mkutano, na watu waliojulikana, katika miaka inayojulikana, na walioukata walikuwa na faida yao ndani yake. Na mwenye kuuleta katika Kiswahili yafaa ajue anabeba nini.

Mwisho wa mkusanyo wa Bibi Linwood unaonyesha jinsi mgawanyo huo ulivyokuwa na meno. Kazi yake kubwa ya mwisho, Hukumu ya Kaini, ilimchukua miaka kumi, akaimaliza akiwa na umri wa miaka kama sabini na mitano, kisha akaweka sindano chini kwa sababu ya macho. Alitaka mkusanyo ubaki pamoja na uwe mali ya taifa. Ulipotolewa kwa British Museum ulikataliwa, na kwa Baraza la Malodi ulikataliwa vile vile. Alifariki Leicester tarehe 2 Machi 1845, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Margaret. Mwaka uliofuata picha zilipigwa mnada kwa Christie's. Hukumu ya Kaini, miaka kumi ya mkono wa mtu, ilinunuliwa kwa paundi 64 na ziada kidogo. Mkusanyo wote haukufikia paundi 1,000. Mtu akikumbuka ile hadithi ya paundi 40,000 za Urusi, na zile gini 3,000 za picha moja, ataona kwamba kilichoshuka si bei peke yake.

Sababu za kushuka huko zilikuwa kadha wa kadha. Mojawapo ilitoka katika sindano yenyewe. Tangu mwanzo wa karne ya 19 wachapaji wa Berlin walikuwa wakiuza vielelezo vilivyochapwa juu ya karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa mshono mmoja wenye rangi yake, na kufikia miaka ya 1840 mtindo huo ulikuwa umeenea katika nyumba za Uingereza. Aliyejua kuhesabu aliweza kushona simba. Mbele ya macho ya watu waliozoea kuhesabu miraba, haikuwa rahisi tena kuona kwamba mishono mirefu na mifupi ya Bibi Linwood, isiyohesabiwa, ilikuwa ya uamuzi wa jicho kila mmoja; zote zikawa kazi za sebuleni. Sababu ya pili ni ile iliyokwisha kutajwa, kwamba alikuwa ameweka heshima yake katika kufanana. Michoro ya asili ilipozidi kuonyeshwa kwa watu wote, hasa baada ya National Gallery kufunguliwa London mwaka 1824, nani angelipa kutazama mfano wa sufu? Charles Dickens alilitaja jumba lake katika David Copperfield, kilichoanza kutolewa mwaka 1849, kama mahali penye huzuni ya makaburini. Savile House yenyewe iliteketea kwa moto mwaka 1865, jumba la maonyesho likiwa limekwisha kuondoka humo miaka ishirini nyuma.

Baadhi ya kazi zimesalia. Katika Victoria and Albert Museum, London, iko sura ya Napoleon aliyoishona Bibi Linwood kwa sufu. Katika jumba hilo hilo iko sura ya Bibi Linwood mwenyewe, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta na John Hoppner, mwanachama wa Chuo cha Kifalme. Ya Hoppner imeandikwa katika fungu la michoro, na ya Bibi Linwood katika fungu la nguo na vitambaa.

Mwandishi wa Kiswahili atakayepewa kuandika kibandiko cha ile ya Napoleon ana njia tatu. Akiandika kwamba imechorwa, atakuwa amempendelea bibi huyo kwa kumvua sindano. Akiandika kwamba imetariziwa, atakuwa amesema kweli juu ya pambo, na msomaji atafikiri ukingo wa vazi. Akiandika kwamba imedariziwa kwa mkono, kwa sufu juu ya kitambaa kizito, atakuwa ametaja sindano, mkono na uzi, na atakuwa ametumia kitenzi kile kile kinachotumiwa na mshona kofia wa Lamu anapoulizwa kazi yake.